Sura ya Cibalonza

Apolline alichorwa kabla ya yeye mwenyewe kushika brashi. Alipokuwa msichana mwenye shingo ndefu, wachoraji wa mji wa Bukavu, Kongo, walimwita akae mbele yao: kikapu kichwani, kitenge kiunoni, kifua wazi, ziwa nyuma yake. Wageni walizinunua picha hizo wakaenda nazo kwao. Moja ilibaki, ikatundikwa katika baa ya mtaa wa Kadutu, na mumewe akaiona hapo akiwa na wenzake. Mume alirudi nyumbani. Alivunja kiti, akachukua mguu wa kiti hicho, akampiga nao mkewe mdomoni mpaka meno ya mbele yakamwagika sakafuni. Tangu hapo Apolline hucheka kwa kufunga midomo.

Baada ya hapo wachoraji hawakumwita tena. Walikuwa wameshapata shingo nyingine. Mume alipokufa, Apolline alijifunza kazi ile aliyoitazama kwa miaka kutoka upande wa pili wa turubai. Alilea watoto kwa kuchora vibao vya saluni na Mabikira Maria wa kuta za makanisa. Maria wote hao walikuwa wasichana. Hata chini ya msalaba, mama wa mwanamume mtu mzima alitakiwa awe na uso wa binti wa sekondari. Apolline alimuuliza padri juu ya jambo hilo, na padri akamwambia achore kama alivyoagizwa.

Alipopita umri wa miaka sitini, vidole vikiwa vimeanza kuuma asubuhi, alianza kuchora alichotaka. Alichora wanawake wazee wa mtaa wake wa Cimpunda jinsi walivyo, na wa kwanza alikuwa jirani yake, Cibalonza, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani.

Cibalonza alikuwa amemzidi umri. Alifika Cimpunda akikimbia kutoka upande wa Bunyakiri, ambako watu wenye silaha waliwaua wanawe mbele ya macho yake, kisha wakamkata panga begani na kumwacha wakidhani amekufa. Kovu lilikuwa nene kama kamba. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe kwa mtoto wa jicho, na matiti yalikuwa yamelala juu ya mbavu. Apolline alivichora vyote, na uso ule ukawa na utulivu wa mtu ambaye hana tena cha kuficha. Cibalonza aliitazama picha muda mrefu kwa lile jicho lililobaki.

“Iko mimi kabisa,” alisema. “Hata jicho umeliacha vile liko.”

Apolline aliifunga picha hiyo ndani ya shuka, akaipeleka kwenye kituo kimoja cha sanaa huko Ibanda, ambako maonyesho makubwa yalikuwa yanaandaliwa. Mkurugenzi, Déogratias, alikuwa mtu mpole wa kusema taratibu. Alimpa kiti, akamweleza kwamba maonyesho ni ya wasanii wasiozidi miaka thelathini na mitano. Apolline akamwomba basi aipokee picha na kumwacha mchoraji nje. Déogratias aliikagua, akakunja uso.

“Maman, tableau iko muzuri,” alisema. “Lakini bailleurs, benye kutoa feza, banatafuta bajeune. Na huyu muzee, vile unamuonyesha, atatisha batu.”

Hata hivyo alimwomba aiache pale kwa siku chache, ili vijana waione. Apolline alikubali, maana hakuna mchoraji anayekataa kutazamwa. Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Zagabe, mchoraji aliyekuwa ameanza kusifiwa mjini. Zagabe aliipiga picha ile kwa simu yake, kwa karibu, uso na bega.

Majuma kadhaa baadaye mabango ya kampeni ya maombi yalibandikwa Cimpunda kote, kwenye nguzo, kwenye milango ya maduka, kwenye ukuta wa choo cha soko. Yaliandikwa kwamba kila mulozi, yaani mchawi, atafichuliwa na kutolewa. Juu ya maandishi kulikuwa na kikongwe mwenye jicho moja jeupe na la pili jekundu kama kaa, damu kidevuni, na mkono wa mtoto katikati ya meno. Kovu lilikuwa begani, mahali pale pale. Apolline alisimama mbele ya bango la kwanza, akamtambua Cibalonza.

Alimtafuta Zagabe, akamkuta kwenye chumba chake cha kazi. Zagabe hakukana. Alisema mchungaji mmoja alimwagiza sura ya mulozi, na sura ya mulozi watu wote wanaijua: ni mwanamke mzee.

“Juu ya nini uliiba sura ya mutu mwenye iko muzima?” Apolline alimuuliza.

“Maman, sura ya muzee iko sura ya muzee. Bote banafanana. Hakuna mutu atamujua.”

Apolline alirudi akaanza kuyabandua mabango kwa kucha zake. Vijana waliokaa kwenye ngazi za duka walimwambia aache, na alipoendelea, mmoja alimsukuma akaangukia mfereji. Wakati huo watoto walikuwa wameshaacha kumsalimia Cibalonza. Sambaza zake zilianza kuozea kwenye sahani. Apolline alimsihi aende kijiji cha Miti, kwa Carmel, binti yake Apolline, mpaka maneno yapoe. Cibalonza alijibu kwamba alishakimbia mara moja maishani, na miguu yake haina mbio ya pili.

Kisha mtoto wa Ignace, fundi viatu wa barabara ile ile, akafa kwa homa. Alizikwa asubuhi. Watu walitoka makaburini wakiwa na majembe bado mikononi, na badala ya kwenda kwenye matanga wakapanda kwenda kwa Cibalonza. Siku zile mjini hapakuwa na polisi wa kuitwa, na wenye bunduki walioushika mji hawakujishughulisha na mambo ya vichochoro.

Walimtoa kwa kumvuta nywele. Kijana mmoja alishika bango kando ya uso wake, akalinganisha jicho na jicho, kovu na kovu, kama askari anavyolinganisha kitambulisho. Halafu akawageukia wenzake akatikisa kichwa kukubali. Ignace ndiye aliyerusha jiwe la kwanza. Lilimpata Cibalonza shavuni, na jino likachomoza kwenye ngozi. Aliinua mikono kufunika kichwa, na wakaivunja mikono kwa mipini ya majembe.

Apolline aliingia katikati akiwa na ubao wa turubai kama ngao. Aliwaambia kwamba sura hiyo ameichora yeye, kwamba imetoka kwake, wamwache mama wa watu. Wengine hawakusikia. Wengine walisikia, wakamjibu kwa kipande cha tofali kilichomvunja kifundo cha mkono wa kuume. Alianguka juu ya Cibalonza, akahisi mapigo ya watu yakipita kwake na kuingia kwa mwenzake. Walimtoa juu yake kwa mateke. Walimburuta Cibalonza kwenye mteremko wa matope, kichwa kikigonga mawe ya ngazi, na mtu mmoja alikuwa ameshaleta tairi la kumchomea. Halikuwashwa. Alipofika chini alikuwa ameshakufa, na aliyekuwa na petroli akasimama akiitazama chupa yake kama aliyesahau alichotumwa.

Umati ulitawanyika upesi kuliko ulivyokuja. Mireille, mke wa Ignace, mama wa mtoto aliyezikwa, alishuka peke yake na kitenge, akaufunika mwili. Kabla ya juma kwisha yeye na mumewe walikuwa wamehama, na hakuna aliyejua walikokwenda.

Maonyesho yalifunguliwa alasiri moja ya jua. Apolline alikwenda akiwa amefungwa plasta ngumu mpaka kiwiko. Aliwakuta wageni wakiwa na glasi mkononi, muziki laini, vijana wamevaa vizuri. Katikati ya ukuta mkuu palikuwa na turubai la Zagabe, refu kuliko mlango: Cibalonza tena, mwenye damu kidevuni, jina chini yake likiwa *La Sorcière*, yaani Mchawi. Watu walikuwa wanapiga picha kando yake.

“Huyu alikuwa anaitwa Cibalonza,” Apolline alisema. “Balimuua na hii picha mukononi.”

Wachache waligeuka. Déogratias alikuja upesi, akamshika kiwiko cha mkono mzima, akamnong’oneza kwamba anaelewa uchungu wake lakini huu si wakati wake. Apolline alijinasua. Kwenye meza ya vyakula kulikuwa na kisu cha kukatia keki. Alikichukua kwa mkono wa kushoto na kukichoma kwenye turubai, akapasua kuanzia kwenye ule mkono wa mtoto mpaka shavuni. Kisha akaona shavu limefunguka, limening’inia, kama alivyoliona kule kwenye mteremko. Akashusha kisu. Hakuweza kumkata tena.

Zagabe alikuwa amefika, akipiga kelele juu ya kazi yake. Apolline alimgeukia akampiga na plasta usoni kwa nguvu zake zote. Pua ya Zagabe ilipasuka, na damu ikamwagikia shati lake jeupe. Alimpiga tena, mdomoni. Mlinzi alimkamata kwa nyuma na kuupindisha ule mkono uliovunjika mpaka mfupa ukaachana upya, na wote waliokuwa karibu waliusikia. Alitupwa nje ya lango kama gunia.

Zagabe hakumshtaki. Angeulizwa sura ile aliitoa wapi.

Mfupa haukuunga vizuri. Carmel alimchukua mama yake wakaishi Miti, na kwa miezi Apolline hakugusa rangi. Alipoanza tena, kwa mkono wa kushoto, alimwomba mjane mmoja aitwaye Eulalie akae mbele yake. Habari za Cimpunda zilikuwa zimefika huko zamani.

“Sura yangu iache kwangu, dada,” Eulalie alimwambia bila hasira. “Ikitembea, itaniletea batu.”

Wengine walimjibu hivyo hivyo. Apolline hakuwalaumu. Alikwenda nao kupura maharage, akasikiliza hadithi zao, akarudi nyumbani na mikono mitupu. Mwishowe alitundika kioo ukutani akajichora mwenyewe. Mistari ilikwenda ikitetemeka, na hakuirekebisha: fizi zilizo wazi, ngozi ya shingo iliyolegea, mkono uliopinda, macho yanayomtazama anayetazama. Ilipokauka aliitundika nje, kando ya mlango, upande wa barabara iendayo Kavumu.

Carmel alimwomba aiondoe.

“Maman, na bakikuja kukuua?”

“Basi bataua mwenye aliichora,” Apolline akajibu. “Habatachanganya.”

Kuna aliyerusha jiwe, likatoboa kona ya chini. Apolline aliliacha tundu lilivyo. Wapita njia husimama. Wengine hutema mate, wengine hukaa kidogo kisha wakaendelea na safari. Mvua ikianza huiingiza ndani, na ikikatika huitoa tena.