Asubuhi Niliyofagia Uwanja wa Jirani

Filimbi ilipigwa mara tatu fupifupi, ikanyamaza, kisha ikapigwa mara moja ndefu. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba ninachopanga hapa Nyasubi, fagio mkononi, yapata saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nasema robo, ingawa huenda ilikuwa na dakika ishirini, kwa kuwa sikutazama saa. Nilichotazama ni mkono wangu. Ulikuwa umekwisha kuacha kufagia, ilhali sikuwa nimejua bado filimbi ile inamhusu nani.

Mama mwenye nyumba alitoka jikoni, khanga kiunoni, akanieleza. Nyuma ya ukuta wetu imekutwa pikipiki iliyotelekezwa. Inasemekana ni ya watu wawili wanaotafutwa na polisi kwa mauaji yaliyotokea machimboni, upande wa Geita. Wameiacha hapo na kukimbilia porini.

"Na wewe weka hilo fagio chini, binti," akasema. "Afande kasema asifagie mtu mpaka waje watazame nyayo. Usomi wako usije ukatuponza."

Alisema kwa utani. Nililiweka fagio chini polepole, kama mtu anayeweka yai juu ya jiwe, nikaketi kizingitini. Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa mezani ikinisubiri. Nimetumia miaka miwili nikipima namna udongo unavyohama kutoka shamba moja hadi jingine, na sijawahi kumwambia msimamizi wangu kwamba udongo wa kwanza niliouhamisha ulikuwa wa uwanja wa jirani yetu, nikiwa na umri wa miaka tisa.

Wewe uliyekulia kwetu, upande ule wa Ushetu, utakumbuka harufu ya mwisho wa msimu wa tumbaku. Mvua zimekwisha, vumbi linaanza kuwa laini kama unga, na kutoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku inakuja harufu tamu na nzito, kama asali iliyoungulia chunguni. Alfajiri ilianza kwa kengele za ng'ombe, kisha kinu, kisha kikohozi cha bibi. Bibi yangu alipikia samadi kavu kuni zilipoadimika, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Mimi niliyapenda macho yale. Sikujua kwamba kuna watu waliokwisha kuanza kuyasema kuwa ni ya mchawi, hasa tangu ndama wa nyumba ya tatu alipokufa bila kuugua.

Kwetu mtoto wa kike alifagia kwanza, ndipo akasalimia. "Uwanja usiofagiwa huwaaibisha waliolala ndani," bibi alikuwa akisema. Alifaulu kunifundisha kula kwa mkono wa kulia, lakini kufagia kwa mkono huo kulimshinda kunifundisha. Nilishika fagio kwa kushoto, naye hatimaye akaniacha. Fagio langu nilikuwa nimelifunga mwenyewe kwa vijiti vya porini na kamba ya gome la mti, na nililionea fahari kuliko daftari langu la shule.

Jirani yetu alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Shija, wa rika langu. Michembe yake, vile vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa juani, aliipika na karanga za kutwanga mpaka mchuzi ukawa mzito kama uji, na hakupika bila kututengea bakuli letu. Ilipofika zamu yake ya kulisha moto bani la kina mama, alikesha huko bondeni, na Shija akalala kwetu, kwenye ngozi moja na mimi, akinipiga mateke usiku kucha.

Asubuhi ile niliamka kabla ya Shija. Nilifagia uwanja wetu, kisha nikatazama ng'ambo ya ua wa minyaa, nikauona uwanja wa jirani ukiwa na majani makavu. Nikawaza: amekesha kazini, akute pasafi. Nilikuwa nalipa fadhila ya michembe. Hilo ndilo wazo langu lote, na nimelichunguza miaka mingi nikitafuta kama lilikuwa na wazo jingine chini yake. Halikuwa nalo.

Nyayo niliziona. Lazima niliseme hili waziwazi. Zilikuwa za gambuti, viatu vile virefu vya mpira wanavyovaa wachimbaji, jozi mbili, na kiatu kimoja kilikuwa kimekatika kisigino. Zilitoka shamba la tumbaku, zikasimama penye mtungi wa maji, zikaelekea njia ya kisimani. Niliuweka mguu wangu ndani ya unyayo mmoja, nikashangaa ulivyopotea humo. Kisha nikafagia. Nilifagia uwanja wote, na kwa kuwa kazi ilinoga, nikafagia na njia hadi karibu na kisima. Kutoka hapo ng'ombe walikuwa wamekwisha kupita na kuzikanyaga.

Jua lilikuwa halijapanda sana tuliposikia mwano, lile yowe la kuitana ambalo kwa Wasukuma kila anayelisikia sharti alipokee na kulipeleka mbele. Lilitokea magharibi, likapokewa boma kwa boma, halafu zikaja filimbi: tatu fupi, moja ndefu. Mnunuzi wa dhahabu alikuwa ameuawa machimboni, na washukiwa wawili walikuwa wakielekea kwenye pori kubwa linalotutenga na Geita. Polisi walikuwa nyuma yao, na mbele ya polisi walikuwa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji vitatu, wakifuata nyayo.

Hapa inafaa nieleze sheria ya nyayo, kwa kuwa kila kitu kiliitegemea hiyo. Mwizi wa ng'ombe akifuatwa, nyayo zikaingia kijijini kwenu, kijiji chenu ndicho kinachozipokea na kuonyesha zilikoelekea. Zikitoka, mmesalimika. Zikifia kwenye uwanja wa mtu, mtu huyo ndiye wa kujibu. Wazee walisema, "Unyayo hauruki. Ukiona umeruka, kuna aliyeubeba."

Aliyeongoza msafara alikuwa mzee mwembamba, mfuatiliaji nyayo wa siku nyingi, aliyetembea amejiinamia kana kwamba ameangusha sindano. Afande mmoja alikuwa akimfuata kisogoni.

"Afande," mzee akasema bila kuinua kichwa, "hivyo viatu vyako vya mjini vinanifutia kitabu. Nipishe nisome."

"Soma basi, mzee. Tunachelewa."

"Aliyechelewa ni wewe uliyekuja na gari."

Watu wakacheka. Kicheko kilikatika walipofika ukingoni mwa uwanja wa jirani. Mzee alisimama, akauzunguka wote, akaenda hadi kisimani, akarudi. Jirani alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka banini, macho yamevimba kwa moshi, majivu kwenye nywele.

"Mama Shija," mzee akamwita, "zimeingia kwako. Hazijatoka. Nani kafagia hapa?"

Nilikuwa nyuma ya bibi, nimeshika khanga yake. Vumbi la uwanja ule lilikuwa bado miguuni mwangu. Jirani aliitazama ardhi, si kwa kupepesa, aliitazama kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi ishirini. Kisha akatutazama sisi, bibi na mimi.

"Nimefagia mimi," akasema.

"Wewe? Si ulikuwa banini?"

"Nilipita alfajiri, nikafagia, nikarudi kwenye moto."

"Ukaacha tumbaku ya wenzako iungue, ukaja kufagia?" akauliza mwanamke mmoja kwa kebehi. "Hiyo bidii imeanza lini?"

Jirani alijikung'uta majivu kichwani. Nilifungua mdomo, hilo nalikumbuka. Mkono wa bibi ukashuka begani kwangu, na sijaweza kuamua hadi leo kama ulikuwa unanizuia au ulikuwa unajishikilia.

Polisi walimchukua wakamhoji, wakamrudisha kesho yake kwa kuwa hakuwa na analolijua. Washukiwa walikamatwa siku ya tano, ndani kabisa ya pori. Warina asali waliwaona karibu na mizinga yao. Msako ukaisha, gari la polisi likaondoka. Mkutano wa kijiji ulikuwa haujaisha. Ulikata shauri kwamba jirani atengwe: asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe kazi, mpaka aseme kwa nini alifuta nyayo za wauaji. Hakusema.

Hivyo nikajifunza kupita mbele ya mtu mzima bila kumwamkia. Huwezi kujua uzito wa "shikamoo" mpaka uimeze. Jirani alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua mahindi, nami napita na ndoo kichwani, macho mbele, na kila siku nilijiahidi kwamba kesho nitasema. Jioni bibi aliacha kigae chenye makaa ya moto kando ya ua wa minyaa, akiondoka kama aliyekisahau. Asubuhi kigae kilikuwa kimerudi, kimeoshwa. Wala hatukulizungumza. Kiangazi kilipokwisha, jirani alifunga mzigo wake, akamshika Shija mkono, wakahamia upande wa Geita. Bakuli letu la michembe lilibaki kwetu, halina wa kulijaza.

Bibi amekwisha kufariki, kwa uzee, kitandani mwake, jambo ambalo katika miaka ile halikuwa hakika kwa mwanamke mwenye macho kama yake. Nilipokwenda mara ya mwisho nilikuta ua wa minyaa umeng'olewa, mabani yameanguka, na uwanja ule umemwagiwa saruji mbele ya nyumba ya bati. Binti mmoja alikuwa akiufagia. Fagio lilipita kwenye saruji bila kuacha mstari hata mmoja, na nilisimama pale nikitazama kazi isiyoacha alama, nikaona kwamba ushahidi wote umekwisha, isipokuwa mimi.

Namba ya jirani nilipewa na Shija miaka miwili iliyopita, tulipokutana kwa bahati Shinyanga mjini, Ngokolo, yeye akiwa na mtoto mgongoni. Niliihifadhi kwa neno moja, "Jirani". Nimeifungua mara nyingi. Nilijiambia kwamba nitampigia baada ya kuandika vizuri nitakachosema, na nilikiandika, nikakisahihisha, nikakipanga kwa aya.

Asubuhi hii ya filimbi, polisi wakiwa nyuma ya ukuta wameinama juu ya vumbi la Nyasubi, niliipiga bila karatasi.

"Haloo?" Sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko niliyoikumbuka.

"Ni mimi niliyefagia," nikasema. Hata jina sikulitaja.

Kuku walisikika upande wake.

"Ng'wana wane," akasema, mwanangu, kwa Kisukuma, "unadhani sikujua? Mistari yote ilikuwa imelalia kulia. Kijiji kizima kilikuwa na fagio moja tu la mkono wa kushoto. Wale wazee walisoma nyayo za miguu. Za fagio tunasoma sisi wanawake."

"Sasa kwa nini, mama? Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ningesema ni mtoto, wangeuliza nani kamtuma mtoto. Na mtoto alikuwa wa nani? Macho ya bibi yako walikuwa wanatafuta pa kuyashikia. Mimi nilikuwa na miguu ya kuhama. Yeye je?"

Nilisikia akicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeendelea na kazi mkononi.

"Basi usilie kwenye simu, vocha itaisha. Lakini ulinipita mlangoni kiangazi kizima bila kuniamkia, hilo sijalisahau. Niamkie sasa."

Nilijifuta uso kwa kiganja cha kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."