Daraja Lililosukwa na Mjane

Katika bonde moja la kisiwa cha Shikoku, Japani, daraja husukwa upya kila baada ya miaka michache, kwa mitambaazi, mimea minene ya mlimani inayotambaa kama kamba, iliyolainishwa juu ya moto. Na kuna sharti: aliyelisuka ndiye wa kwanza kulivuka, tena miguu mitupu. Gensaku alilivuka hivyo maisha yake yote. Alipokufa, mkewe Towako alichukua panga lake akapanda mlimani kukata mitambaazi, na hapo ndipo kijiji kilipopata la kusema.

Mwenye maneno zaidi alikuwa Yasuhei, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kijiji.

"Shemeji, hii si kazi ya wanawake. Tunaweka nyaya za chuma, tunazizungushia mitambaazi ya plastiki, basi. Watalii wanataka picha tu, hawajui tofauti."

"Mimi naijua."

"Na watu wakianguka?"

"Enzi za kaka yako alianguka nani?"

Yasuhei alizoea kubishana na watu wanaomwogopa, na bibi huyu hakuwa mmoja wao. "Haya, suka," akasema kwa kejeli. "Likikufikisha ng'ambo, nyaya nilizokwisha kununua nazirudisha dukani. Likikushinda, usije kunililia."

Towako alisuka majira yote ya baridi, wajane wenzake wakimsaidia kuburuta na kukaza. Mikono ilimpasuka, moshi ukamtoa machozi. Wanaume waliopita wakamwuliza kama anapika supu.

"Ndiyo," akawajibu, "na nyama ni nyinyi."

Siku ya kuvuka, kijiji kizima kilijaa ukingoni. Towako alivua viatu. Chini mto ulinguruma kwa maji ya theluji iliyoyeyuka. Aliogopa, tena sana; anayesema hakuogopa anamsingizia. Lakini alikwenda. Alipofika katikati daraja lilitoa mlio, watu wakashika vifua, naye akasimama palepale. Akaruka. Akaruka tena, makusudi kabisa, mtu mzima na mvi zake, huku amemkodolea macho shemeji yake. Daraja likayumba, kisha likatulia.

Alifika ng'ambo, akageuka.

"Haya, mwenyekiti! Zamu yako!"

Yasuhei aliutazama mto, akawatazama watu. Hakuwa na pa kukimbilia. Akainua mguu akanyage gogo la kwanza la daraja.

"We! Vua viatu kwanza!" Towako akapaza sauti. "Unaingia kwangu!"

Mwenyekiti akainama mbele ya kijiji kizima, akaanza kufungua kamba za viatu.