Bakteria Waliosahau Mizizi

Kalunde alirudi Tawa mwaka wa 1979 akiwa na diploma ya maabara na imani kwamba maharagwe ya Ukambani yanaweza kuzaa maradufu. Chama cha wakulima kilimpa chumba nyuma ya ghala na friji ya mafuta ya taa. Humo alifuga bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharagwe na kuulisha mmea nitrojeni kutoka hewani. Kila msimu aliwachanganya na udongo mweusi, akawagawia wakulima wapake mbegu. Mavuno yakapanda, watu wakamwita Mama Bakteria. Jina hilo alilipenda.

Mwaka wa 1986, mzee Mulei kutoka Kilungu aliingia na mmea wa manjano mkononi.

"Mama, angalia hii mizizi. Zamani ilikuwa imejaa vinundu. Sasa ni mitupu kabisa."

"Ulipaka dawa yangu?"

"Nilipaka mwenyewe, kivulini, vile ulitufundisha."

"Basi kosa liko kwangu, mzee. Nitalipata."

Kwenye darubini bakteria walikuwa hai, tena walikua upesi kuliko zamani. Upesi huo ndio uliomtia shaka. Miaka yote alikuwa akiwahamisha kutoka chupa hadi chupa, akiwalisha sukari. Ndani ya chupa hakuna mizizi. Bakteria akipoteza jeni za kuingia kwenye mzizi hapungukiwi na kitu, na kwa kuwa amepunguza mzigo, huzaana haraka. Mwishowe watoto wake hujaza chupa nzima.

Kalunde hakutosheka na kuwaza. Alichemsha mchanga kuua vijidudu vilivyomo, akaujaza kwenye mikebe na kupanda maharagwe. Mikebe mingine aliitia bakteria wa friji. Mingine, bakteria aliowatoa kwenye vinundu alivyochimba Kilungu, katika shamba lililotumia dawa yake ya kwanza. Wiki kadhaa baadaye aling'oa yote. Wa friji hawakuwa wametoa hata kinundu kimoja. Wa Kilungu walikuwa wameijaza mizizi.

Kwenye mkutano, katibu wa chama, Nzomo, alimnong'oneza, "Sema tu ni ukame."

"Ukame hauingii kwenye friji," Kalunde akajibu kwa sauti, akainua mimea miwili, mmoja wa friji na mmoja wa Kilungu. "Wakulima, bakteria wangu wamebadilika. Msimu huu sigawi kitu. Ujao nitawapa wapya, na nitawajaribu kwanza."

Wengine waliguna. Mulei alipiga makofi.

Bakteria wapya, wale wa Kilungu, aliwakausha ndani ya udongo uliochemshwa, akaziba chupa, ili walale badala ya kuzaana. Msimu uliofuata shamba la Mulei lilikolea kijani, na mkewe akakosa magunia ya kutosha.

Kalunde alistaafu mwaka wa 1995. Hata hivyo, akipita kando ya shamba la mtu, aling'oa mche bila kuomba ruhusa, akapasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, alijua kazi ya bakteria inaendelea, akaenda zake akiimba.