Mizani Nne Chini ya Gari

Mtaani kwetu baba yangu anajulikana kwa jina la Gramu. Kazi yake ni kutengeneza friji, na ni mtu wa mwili haswa: akiingia jikoni kwa watu, mwenye nyumba hutoka nje kumpisha. Jina hilo alipewa na baba mdogo, siku mizani ya mama ya jikoni ilipopotea tukaikuta bandani kwa baba, juu yake pamewekwa bolti badala ya sukari.

Chanzo kilikuwa gari. Kuna magari madogo ya michezo ambayo huuzwa yakiwa vipande ndani ya masanduku, mtu akajiundia mwenyewe nyumbani. Hili letu mwenyewe wa kwanza aliliunda vibaya, akalichoka, likanyeshewa mpaka fremu ikaoza. Likaangukia mikononi mwa baba mdogo, ambaye anauza vyuma chakavu, na alikuwa ameshawasha mtambo wa kulikata baba alipomshika mkono. Lilikuwa na viti viwili tu, halina paa, halina milango, na bodi yake ya faiba mimi na mama tuliibeba wenyewe tukaiegemeza ukutani.

"Gari jepesi halitaki injini kubwa," baba alituambia mezani. "Linataka mtu mwenye adabu."

"Adabu gani?" mama akauliza.

"Ya kutolipakia takataka."

Basi akalivua hadi mifupa. Vyuma vya kushikilia taa alivitupa, akatengeneza vya alumini, kisha navyo akavitoboa matundu. Rangi ya zamani aliikwangua yote kwa kuwa hata rangi ina uzito. Ukimuuliza faida ya kupunguza gramu kumi, anakujibu haba na haba hujaza kibaba, halafu anakugeuzia mgongo. Na ule mgongo si mdogo. Fremu aliichomelea upya, bomba kwa bomba, na viungo vyake vilitoka laini hata majirani wakawa wanaingia bandani kuvipapasa kwa vidole. Nilijivuna, sitaficha. Nilikuwa nawafungulia mlango kama vile nimechomelea mimi.

Baba mdogo yeye hakuacha utani. "Kaka, upepo ukivuma utalifunga kwa kamba?" Siku moja alisema hivyo mbele ya familia nzima, na baba akapandwa na hasira.

"Siku ya ukaguzi wa kuliruhusu barabarani, njoo na pikapu yako," alisema. "Mkaguzi akilikataa, libebe ukalikate. Sitatia neno."

Mama aliacha kukunja nguo. Sote tulijua hatanii, maana baba hana tabia ya kulamba matapishi yake.

Kazi ya mwisho ilikuwa kusawazisha springi. Gari jepesi kiasi hicho, dereva mwenyewe ni sehemu ya mzigo: akiwa amekaa kitini, kila gurudumu lazima libebe fungu lake, la sivyo ukipiga breki linavuta upande. Baba aliazima kwa majirani mizani nne za kujipimia uzito, akaweka moja chini ya kila gurudumu. Sasa, mtu wa kukaa kitini anatakiwa, na mtu wa kulala chini na spana anatakiwa. Akakaa mama. Mama ni dereva wa gari la mikate, mwembamba, si mwingi wa maneno. Alikuwa akija na shati la kushonea vifungo, anakaa, huku baba akizungusha nati za springi na kusoma namba.

"Usipumue, mke wangu."

"Nisipopumua nitakufa, na maiti ni nzito."

Siku ya ukaguzi baba alivaa shati lililopigwa pasi. Baba mdogo alifika mapema, kamba begani. Mkaguzi alipita kwenye taa, usukani na mikanda, na alipofika kwenye fremu akamwita mwenzake aje aone. Ikabaki breki: uendeshe, kisha usimame juu ya mstari mweupe bila kuyumba.

Baba akaingia, akaja, akakanyaga. Gurudumu moja la mbele likafunga na kuserereka, pua ya gari ikakimbilia pembeni. Alirudia, yakawa yale yale.

"Mzee, kazi yako nimeipenda," mkaguzi akasema. "Lakini hivi siwezi kulipitisha. Jaribu mara moja tu, ya mwisho."

Baba alishuka, akalala chini na tochi. Baba mdogo alianza kuikunjua kamba polepole, na sura yake haikuwa ya mtu aliyeshinda.

Mama akasogea. "Mume wangu, hebu ingia tena."

"Ili iweje?"

"Ingia tu."

Akaingia. Gari likadidimia upande wake.

"Shuka." Likainuka. "Springi ulizipanga nani akiwa amekaa?"

"Wewe."

"Na mimi na wewe tunalingana?"

Mtu aliyepima kila bolti, mwenye mizani nne bandani kwake, hakuwahi kupanda hata moja. Nyani haoni kundule! Mkaguzi ndiye aliyeanza kucheka, tukafuata, na baba akawa wa mwisho, amejifunika uso.

"Nipe ufunguo," mama akasema. Alivua viatu, akavikabidhi kwangu, akaondoa gari. Kwenye mstari akakanyaga, nalo likasimama pale pale, limenyooka. Akarudia bila kuombwa.

Mkaguzi akagonga muhuri. Akamwonya baba asiliendeshe kabla hajazipanga springi upya kwa uzito wake.

Tulirudi nyumbani mama akiwa mbele peke yake, sisi tukimfuata, tumebanana ndani ya pikapu ya baba mdogo, kamba miguuni. Baba mdogo alijaribu kuomba radhi, lakini nani wa kumsikiliza? Baba alikuwa ametoa kichwa dirishani, akiwapigia kelele hata watu asiowajua: "Lile pale nimeliunda mimi! Na yule ni mke wangu!"

Tulipofika nilikimbilia bandani, nikamletea spana. "Baba, panda sasa tuzipange kwa uzito wako."

Alimtazama mama, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa gari akivaa viatu vyake.

"Ziache," akasema. "Ziko sawa."