Sofa Haitoki Kabla ya Kumaliza Mbio

Baba mkwe wangu ni fundi sofa, na ugonjwa wake ni mbio za magari. Anapenda zile kubwa zenyewe, za magari yaliyolala chini kama mende, ambayo dereva humwoni ila kofia. Mama mkwe husema siku alipoposwa aliambiwa yote: kijana ni mchapakazi, hanywi, hana makuu. La magari hakuna aliyethubutu kumtajia.

Karakana yake iko mbele ya nyumba tunayoishi sote, chumba kirefu chenye mlango wa mbao unaofungukia barabarani. Ukiingia unapokewa na harufu ya gundi na sponji mpya. Upande mmoja kuna marobota ya vitambaa, upande wa pili fremu zinazongoja kuvikwa, na kwenye rafu, mahali ambapo fundi mwingine angeweka vifaa vyake, kuna runinga. Siku za kazi hufunikwa kwa kitambaa alichofuma mama. Jumapili kitambaa kinatolewa, watu wanakuja, na wanakaa kwenye sofa za wateja.

Mgeni huona ni utovu wa adabu, watu kujibwaga juu ya mali ya wenyewe. Lakini hiyo ndiyo sheria ya baba: sofa haitoki kabla ya kumaliza mbio. Mafundi wengine hubonyeza kikalio kwa goti, wakasema tayari. Baba anasema goti ni mwongo. Yeye anataka watu wazima wakae mpaka wasahau kwamba wamekaa, wajinyooshe, wabishane, wasinzie, na yeye yuko pembeni, jicho kwenye runinga, sikio kwenye springi. Ikilia, inabaki. Sofa yake ikirudi, ujue imerudi kubadilishwa kitambaa tu.

Wakaaji wakuu ni wawili. Kuna Mama Vitambaa, mwenye duka la jirani tunakonunua vitambaa. Ni mtu wa mwili wake na hana aibu nao; akiingia tu anauliza, "Leo napima ipi?" Mwingine ni fundi saa, mwembamba kama mshale wa saa zake, ambaye siku zote hukaa pembeni, karibu na mkono wa sofa, na kulalamika. Mume wangu anafanya kazi na baba bega kwa bega. Watu humwita Baba Bonge, kwa sababu mwanetu babu yake alimwita Bonge siku ile ile alipomshika, kwa ajili ya mashavu.

Palikuwa na amani mpaka zilipokuja mbio fupi. Kwa asiyejua, wikiendi nyingine siku hizi magari hukimbizana Jumamosi pia, kabla ya mbio kubwa za Jumapili. Ni kama theluthi tu ya safari, nusu saa hivi, na wanaotangulia wanapata pointi. Hakuna anayelazimika kuingia kubadilisha matairi. Taa za kuanzia zikizimika ni mguu chini mpaka mwisho.

"Mimi nazipenda," alisema Mama Vitambaa. "Zamani Jumamosi ilikuwa nini? Magari yanazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sasa angalau kuna ugomvi."

"Ugomvi wa nini," akasema fundi saa. "Ukishajua Jumamosi nani ana kasi, Jumapili unakaa kungoja nini? Ni kuonja mchuzi mpaka sufuria inakauka."

"Wewe hata sufuria ijae hunenepi."

Baba Bonge alikuwa upande wa Mama Vitambaa. "Mzee, watu wa siku hizi hawana muda. Mtu ana nusu saa, mpe mbio za nusu saa."

Baba hakuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa anakata. "Nusu saa tairi halijachoka. Dereva hajachoka. Kitu ambacho hakijachoka utakijuaje? Hata mchumba, nusu saa ya kwanza ni malaika."

"Na wewe ulijitahidi," mama akasema kutoka mlangoni. "Ulikuwa malaika karibu wiki nzima."

Basi Jumamosi zikapita, kitambaa cha runinga hakikutolewa hata mara moja. Waliozitaka mbio fupi walizitazama kwenye simu ya Mama Vitambaa, dukani kwake, wamebanana kama vifungo kwenye kopo.

Wakati huo Baba Bonge alikuwa ameitwa kazi kiwandani. Ni kiwanda cha samani kilicho mji mwingine, mbali kiasi kwamba angekuwa anarudi nyumbani kama mgeni. Walitaka jibu Jumapili jioni. Yeye hakutaka kwenda na mimi sikutaka aende. Bonge alikuwa ndiyo kwanza ameanza kumtambua. Akisikia sauti yake anageuza shingo na kuniacha, hata kama ananyonya. Lakini kazi za karakana hazikuwatosha mafundi wawili, na hilo kila mtu nyumbani alilijua bila kuambiwa.

Jambo la kumbakisha lilikuwa moja. Zahanati ya mtaani ilikuwa imejenga chumba kipya cha kungojea akina mama, na muuguzi mkuu alitaka sofa ya mfano kutoka kwa mafundi wawili. Atakayemridhisha angepewa chumba kizima, na baada ya hapo vitanda vyao vyote vya kuvika upya. Sofa ya fundi mwingine ilikuwa imeshafika. Yetu ilitakiwa ifike Jumamosi jioni, kwa sababu Jumapili muuguzi mkuu angekuja kuamua.

Walimaliza kuivika Jumamosi mchana. Ilikuwa ya kijani kilichokolea, ndefu, mshono umenyooka kama umechorwa. Baba akaizunguka, akaipapasa. Sote tulijua anachowaza. Mbio zilikuwa kesho yake.

"Baba," mume wangu akasema, "sheria yako itanihamisha nyumbani. Leo kuna mbio fupi. Nazo si mbio?"

 Baba akapanda kwenye stuli, akatoa kitambaa juu ya runinga na kukikunja taratibu, mara mbili, kama mtu anayekunja shuka la mgeni. "Waite wenzako," akasema.

Wakakaa watatu: Mama Vitambaa katikati, fundi saa pembeni, Baba Bonge upande wa pili. Mimi nilikuwa nyuma yao na Bonge, kwenye kiti kikuukuu kisicho na mwenyewe. Sitaki kusema uongo, mbio zilikuwa tamu. Magari mawili yalifukuzana tangu kona ya kwanza, pua ya moja kwenye mkia wa jingine, yanapishana, yanapokonyana nafasi. Fundi saa mwenyewe alisimama mara mbili akakaa, akasahau kulalamika. Kufumba na kufumbua zikaisha.

Baba alikuwa amesikiliza muda wote. Springi hazikulia hata kidogo.

"Imepita," akasema Baba Bonge, na akaenda kuchukua kamba za kufungia sofa kwenye mkokoteni.

Nilisita kidogo, maana nilijua ninachotaka kusema kitamkata maini mume wangu. "Baba," nikasema, "mbona hakuna aliyeegemea?"

Wote wakanigeukia. Ilikuwa kweli. Mbio nzima walikaa ukingoni, viwiko magotini, kama abiria wanaotaka kushuka. Mnyonyeshaji hawezi kukaa hivyo hata nusu saa, lazima mgongo upate pa kulala, ndiyo maana migongo yao niliiona. Mgongo wa sofa haukuguswa na mtu.

Baba Bonge akashusha kamba. "Mama Bonge, wewe uko upande gani?"

"Wako," nikasema.

Baba akaubonyeza mgongo wa sofa kwa kiganja, hapa na pale. "Mbio fupi hizi," akasema polepole. "Hazina mahali pa kuegemea." Nilidhani sofa imezuiwa, na mume wangu alidhani hivyo hivyo. Baba akakuna kidevu. "Ipakieni. Tuliahidi leo, itafika leo. Kesho tutapakia runinga. Mbio zake itamalizia huko huko."

Jumapili zahanati haikuwa na wagonjwa. Chumba kipya kilinuka rangi. Sofa ya fundi mwingine ilikuwa ukutani, nyeusi, inang'aa mpaka unajiona. Baba Bonge akaweka runinga juu ya meza ya mizani ya watoto, na muuguzi mkuu alipoingia alimkuta Mama Vitambaa ameshajinyoosha kwenye sofa ya kijani, viatu pembeni.

"Hiki ni kituo cha afya au kibanda cha mpira?" akauliza. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na uso wake ulikuwa wa mtu asiyetaka mzaha.

"Dada, ni ukaguzi," akajibu Mama Vitambaa.

Baba akamweleza sheria yake. Muuguzi mkuu akasikiliza mikono ikiwa kifuani, akaangalia runinga, akatuangalia sisi. "Haya," akasema. "Basi na mimi nitampimia mwenzenu." Akakaa kwenye ile nyeusi.

Mbio zilianza kwa moto, kisha, kama kawaida ya mbio ndefu, zikapoa. Magari yakapangana kama siafu. Hapo ndipo watu walipojiachia. Fundi saa alikuwa anasema hizi ndizo mbio za watu wenye akili, akasinzia katikati ya sentensi. Nami nikaegemea kwenye ile ya kijani na Bonge kifuani, nikahisi raha ya kweli, mpaka niliposikia nyuma ya bega langu la kushoto kitu kikisema tk.

Kilikuwa kidogo sana. Nikamwangalia mume wangu, akaangalia sakafu. Tungeweza kunyamaza.

"Inuka, mwanangu," baba akasema.

Tulipoinuka sote akaigeuza sofa hapo hapo, mbele ya muuguzi mkuu, akafumua kitambaa cha nyuma. Mkanda mmoja wa mpira, kati ya ile inayobeba mgongo, ulikuwa umechomoka kwenye pini zake. Baba Bonge akauvuta, baba akaubana, wakaurudia na mingine yote, pini juu ya pini. Mkono wa mmoja ukitoka, wa mwingine unaingia. Kisha baba akashona kwa sindano ya mkono. Sikuthubutu kumtazama muuguzi mkuu.

"Huwa mnafanya hivi kwa kila sofa?" akauliza mwishowe.

"Kila sofa," akasema baba. "Hii jana ilimaliza mbio fupi, ikatudanganya."

Muuguzi mkuu akainuka kutoka ile nyeusi kwa shida, ameshika kiuno. "Hii imenitia ganzi miguu yote miwili." Akaja akakaa karibu yangu, akaegemea, akafumba macho. Nilidhani amelala. "Akina mama wangu hapa hawangoji nusu saa," akasema macho yakiwa bado yamefumbwa. "Leteni nyingine kama hii. Na kesho mje wote wawili mpime chumba."

Mama Vitambaa hakuweza kuvumilia. "Kwa hiyo fundi, mbio fupi hazina kazi?"

"Kazi zinayo," akasema baba. "Jumamosi tutapima kikalio. Jumapili, mgongo."

"Yaani Jumamosi runinga itawashwa?"

"Nimesema tutapima kikalio."

Baba Bonge alikuwa ameshatoka nje na simu. Dirisha lilikuwa wazi, tulimwona ameweka kidole kwenye sikio la pili kwa ajili ya kelele za magari. Ilibaki mizunguko michache, na watatu wa mbele walikuwa wameanza kukaribiana. Baba akainuka, akaenda akapunguza sauti mpaka ikaisha. Fundi saa aliyekuwa ameamka akafungua mdomo, Mama Vitambaa akamfinya.

"Nashukuru sana, mkuu," tukasikia kutoka nje. "Lakini nimepata kazi nyumbani, na baba."

Bonge akageuza shingo kutafuta sauti ilikotoka. Magari yakapita mstari wa mwisho kimya kimya, bendera ikapepea, watu wa kwenye runinga wakarukaruka. Baba akaniuliza nani ameshinda, ilhali yeye ndiye aliyesimama mbele ya runinga.