Mwanangu, Mume wa Nesi

Bado nakisikia kicheko kile. Kilianzia kooni, kikakwama kidogo kama mlango uliovimba kwa mvua, halafu kikafunguka chote. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, hakai wala hamezi, na alicheka hivyo kila pikipiki ya nesi ilipozimwa mlangoni kwetu Tunduma. Nikiingia mimi niliyemzaa, ananitazama kama anavyotazama ukuta.

Nesi alikuwa mama mstaafu tuliyemwomba aje asubuhi na jioni kumlisha kwa mpira uliopita puani hadi tumboni. Mimi niliuogopa mpira ule. Kazi yangu ilikuwa kupika uji wa ulezi, kuuchuja na kushika kitambaa.

Akifika tu, anamuuliza mtoto, "Mume wangu kaamkaje?" Mtoto anarusha mikono. Moyo wangu unachemka, lakini natabasamu, namkaribisha chai. Nilipomweleza mume wangu, anayeshughulikia makaratasi ya malori mpakani, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wenzako wanagombea baba. Wewe unagombea mtoto, tena na bibi wa watu."

Sikucheka. Mimi ni mtu wa kuota mchana kweupe. Niliota mwanangu kajaa mashavu, watu wanauliza nani kamlea hivi, na nesi hayupo hata pembeni. Kwetu Isansa mtoto aliyekonda hupikiwa uji wa karanga. Uji mwepesi, mama zetu husema, ni maji yaliyopita karibu na unga. Basi asubuhi moja nikatwanga karanga, nikazikorogea kwenye uji wake, nikachuja juujuu tu. Nilitaka anenepe kwa mkono wangu.

Nesi alipomimina, uji ukasimama ndani ya mpira. Akajaribu maji ya vuguvugu, wapi. Akaunusa.

"Mdogo wangu, umeweka karanga?"

Nikasema hapana. Ikabidi auchomoe mpira na kupitisha mwingine. Mtoto alilia bila sauti, machozi yakimwingia masikioni, na macho yake yakawa yanamtafuta nesi, ingawa mkono uliomuumiza ulikuwa wa nesi huyo huyo. Hapo wivu ulinichoma hasa. Nikaangua kilio, nikasema yote: karanga, na kwamba nimechoka kusikia mwanangu akiitwa mume wake.

Alimaliza kwanza kubandika plasta shavuni mwa mtoto.

"Ananichekea kwa sababu nikija anashiba," akasema. "Njoo ushike hapa."

Wiki mbili akanifundisha. Kabla ya kulisha, vuta kidogo kwa bomba la sindano uone maji ya tumboni, ujue mpira uko mahali pake. Uji usiusukume, uache ushuke wenyewe. Nikikosea ananiambia nirudie, ananiita mke mwenza, na hata nikicheka bado navionea wivu vidole vyake visivyotetemeka.

Jumapili moja akatuambia ana msiba Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kesho asubuhi hatakuja. Asubuhi hiyo mume wangu alikuwa ameitwa mpakani. Nikauchuja uji mara mbili. Nikamwinua mtoto kwenye mto, nikavuta, nikayaona maji ya tumboni. Nikamimina, nikanyanyua bomba la sindano usawa wa kidevu changu, nikangoja. Mkono ulikufa ganzi. Sikuushusha mpaka uji wote uliposhuka, nikafuatisha maji kidogo, nikafunga kifuniko cha mpira.