Aliyejua Kikundi Kilipo

Jumatano, sokoni Nyamiaga, nilikuwa nikichagua ndizi jirani na kilabu cha pombe alipofika mwanamume mmoja, akamwinamia mama muuza rubisi, pombe ya ndizi.

"Shikamoo mama. Wale wanaoacha pombe wanakutania wapi? Mke wangu yuko kwa wazazi wake, hatarudi mpaka nijiunge."

"Marahaba. Nyuma ya kanisa, saa kumi hii. Wateja wangu wazuri wote wako huko."

Mwanamume akautazama mtungi. Mama akaufunika.

"Kidogo tu, mama, ya kuaga."

"Waliokunywa ya kuaga ni hao," akasema, akimwonyesha kwa kidevu benchi lililojaa walevi.

Mwanamume akashika njia ya kanisani, karibu akikimbia. Mahubiri juu ya pombe nimesikia mengi. Haya ndiyo ya kwanza kumpotezea mhubiri mteja.